Sauti ya Festus Kinywani mwa Mary Ann

Kitale,
Jumanne, wiki ya palizi.

Kwako Mama Kipkorir,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha wote wanaolala chini ya paa lako, kisha Judy, mke wa mwanao, kwa sababu najua yeye ndiye aliyeishika karatasi hii na kukusomea. Judy, binti yangu, soma polepole. Usiruke mahali, usiongeze neno, na ukiona mzee amekosea mwache na kosa lake. Mbele kidogo utaelewa kwa nini naomba hivyo.

Goti linaendeleaje? Kipkorir alipopita hapa kununua tairi la pikipiki alituambia kwamba unakataa fimbo, ati fimbo ni ya wazee. Binti yetu Nyaruai alicheka mpaka akakaa chini. Nami nasema, kama bado unaweza kupanda ule mwinuko wa Kapsokwony bila fimbo, basi usiiguse. Hapa mvua imekuja kwa adabu mwaka huu. Mahindi yamefika magotini na mji wote unanuka matope na mbolea. Mimi ni mzima. Meno ya bandia bado yananikwaruza upande wa kushoto, na usingizi huja unapotaka wenyewe. Dirisha la chumba changu linatazama mlima, kama unavyojua, na kitanda bado nimekigeuza ili nikiamka nisiuone.

Nakuandikia kwa sababu ya ile filamu. Ilikamilika, ikaletwa, nikaiona. Tangu siku hiyo nina kinyaa kooni kama mtu aliyemeza nywele, na sina wa kumwambia ila wewe, kwa kuwa ulikuwepo ilipopigwa.

Judy hayajui mambo haya vizuri, kwa hiyo nitayapanga tangu mwanzo. Wewe univumilie ninaporudia unayoyajua.

Judy, zamani sisi na mama mkwe wako tulikuwa majirani huko Endebess, ua kwa ua. Yeye na marehemu mke wangu Mary Ann walipeana moto, chumvi na watoto wa kushika. Mwaka wa tisini na mbili vijana wasiojulikana na mtu walipita wakichoma nyumba za watu wa kabila letu. Mimi nilikuwa mjini kutafuta mbegu. Mama mkwe wako ndiye aliyemficha Mary Ann katika zizi la ndama, pamoja na Nyaruai wetu aliyekuwa bado ananyonya, mpaka njia ikawa salama. Waliponifikia walikuwa na sufuria moja na Biblia isiyo na jalada. Hapo niliapa kwamba mguu wangu hautakanyaga tena mlima ule, upande wowote. Nikapata kazi katika kiwanda cha karatasi cha Webuye, tukaishi huko mpaka mashine ziliponyamaza, kisha tukaja Kitale, ambako ukisimama juu ya kiti unaweza karibu kuliona shamba letu.

Kiapo changu nilikishika. Mary Ann hakuwa ameapa kitu.

Miaka miwili iliyopita alikuja kwetu mwanamke kutoka Uswidi, jina lake Ingela, pamoja na Phelista, msichana wa Bungoma aliyekuwa mkalimani wake. Ingela alikuwa akitafuta watu waliofukuzwa makwao, awapige picha wakiwa wameketi mahali pale pale walipoishi zamani, waseme yao. Nilimkatalia mlangoni. Mary Ann akampitisha jikoni, akampa chai, akakubali. Aliniambia mimi nibaki na kiapo changu kinipikie, yeye anaenda kuliona shamba, na Mama Kipkorir atashuka kutoka Kapsokwony alikohamia, akae naye. Na kweli ukashuka. Mlikaa huko tangu asubuhi mpaka ng'ombe wakarudi.

Alifika nyumbani viatu vikiwa na udongo mwekundu, akavikung'uta mlangoni bila haraka, uso wake mwepesi kama wa mtu aliyetua mzigo wa kuni. Akanihadithia habari ya paka. Ati walimning'inizia paka juu ya kichwa kwa mti mrefu, kitu cha manyoya kinachosikiliza watu. Nikamwuliza alimwambia nini huyo paka. Akajibu kwamba ameyasema yote, na mambo kama yale hayasemwi mara mbili. Nitayasikia kwenye filamu pamoja na wenzangu. Niliudhika, lakini kidogo tu. Niliona tuna wakati.

Mwaka uliofuata moyo wake ulisimama akiwa anachambua maharagwe. Ulikuja tulipomzika kwenye makaburi ya mji, maana hatukuwa na ardhi ya kumlaza. Ulikaa nyuma, katikati ya kina mama wa kanisa usiowajua, na watu walipoanza kutawanyika ukanishika mkono ukasema, “Baba Nyaruai, kuna maneno.” Nikakujibu kwamba maneno yapo kwenye filamu, nataka kuyasikia kutoka kinywani mwake mwenyewe, tusubiri. Ulinitazama, ukaniachilia mkono, ukaenda zako. Tafadhali likumbuke jibu langu hilo. Ndilo linalonirudisha kwako leo.

Basi nikasubiri. Mwezi uliopita Phelista alipiga simu kwamba filamu imekamilika, ni fupi, imeshapata tuzo huko kwao, na sasa itaonyeshwa Kitale katika ukumbi wa kanisa, halafu Bungoma. Nyaruai alinipigia pasi koti. Nilinyoa ndevu, nikapaka mafuta mikono, nikajiona kama bwana harusi anayekwenda kumpokea mtu. Nilikaa kiti cha mbele. Kando yangu alikaa Mathenge, yule fundi wa saa unayemfahamu, ambaye naye alipigwa picha mahali ilipokuwa duka lake. Taa zikazimwa.

Aliyeanza alikuwa Mathenge. Ameketi juu ya kipande cha ukuta, anazungumza kwa mikono yote miwili, lakini sauti inayotoka si yake. Ni sauti ya kijana, nzito, ya haraka, anawakaribisha abiria ndani ya ndege, anawaambia wafunge mikanda kwa kuwa rubani amelewa. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Nilidhani mtambo umeharibika. Nikageuka kumtazama Mathenge, nikaona naye anacheka, machozi yanamtoka, ananipiga goti akisema, “Kang'ethe, bana, ati mimi ni pailoti!”

Ile sauti niliijua, na watu wote wa Kitale wanaijua. Ni ya Festus, kijana wa Webuye mwenye kibanda cha video karibu na soko. Judy, labda huko kwenu vibanda hivyo havipo. Watu hulipa kidogo, wanatazama filamu za Wachina wanaopigana, na mwenye kibanda anapunguza sauti ya filamu, anashika maikrofoni, na yeye mwenyewe anasema maneno ya kila mtu: ya jambazi, ya askari, ya bibi arusi, hata ya farasi. Mfalme wa China anamwuliza mtumishi wake kwa nini sukuma wiki haina chumvi. Sioni ubaya wowote hapo. Nimewahi kusimama nje ya kibanda hicho nikitabasamu peke yangu. Wale Wachina wamelipwa, wanajua wanaigiza, na hakuna aliyemzika mmoja wao.

Kisha Mary Ann akatokea.

Alikuwa amekalia jiwe, na nyuma yake ule mti wa mkrismasi tuliopanda sisi, umekuwa mnene kuliko nyumba. Alivaa sweta ya kijani. Alikuwa amejifunga kitambaa chake vizuri, kwa ajili ya kamera, akasahau unywele mmoja sikioni. Sikuwa nimemwona akisogea tangu siku ya maharagwe. Akafungua kinywa, na Festus akatoka humo.

Alikuwa anagombana na mtu aliyemwuzia friji isiyogandisha. “Sikiriza wewe kijana,” anasema mke wangu, “mimi si mtu wa kuchezewa, nyama yangu imeoza!” Mary Ann, ambaye maisha yake yote alisema shai na shumvi, na nikimcheka ananiambia nikanywe hiyo chai yangu kwa jirani, sasa anazungumza kama mwanamume wa Webuye mwenye mafua. Aliinua mkono kupangusa jicho. Nililiona jicho, Mama Kipkorir, lilikuwa na chozi. Na sauti ikasema ni moshi wa friji. Watu wakacheka mpaka viti vikalia.

Nataka kueleza kinyaa kile kwa usahihi, maana nimekifikiria sana. Fikiria umeyatoa meno yako ya bandia ukayaweka kwenye glasi, ukaamka asubuhi ukamkuta mgeni ameyavaa, anatafuna mkate nayo, anakusalimu. Ni kitu cha ndani ya kinywa cha mtu wako, chenye mate yake, kimewekwa kinywani mwa mwingine. Nilijaribu kuziba masikio ili nisome midomo yake. Unajua nilifanya kazi miaka mingi katikati ya mashine ambazo huwezi kusikia hata ukipigiwa kelele sikioni. Pale kiwandani sote tulijifunza kusomana midomo kutoka upande mmoja wa mashine hadi mwingine, kwa Kiswahili, kwa Kibukusu, na matusi kwa Kiingereza. Lakini Festus ana sauti inayopenya viganja. Kila nilipolishika umbo la mdomo, neno lake lilinipokonya. Nikaondolewa mke wangu mbele ya macho yangu mara ya pili, na watu wakapiga makofi.

Baadaye kulikuwa na sambusa na maji ya matunda. Ingela alisimama mezani akipongezwa. Ni mtu mpole, siwezi kumsingizia ukali. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha zamani kwamba mzaha wake nimeuona, sasa naomba sauti yenyewe. Nilisema sihitaji picha. Anipe tu alichosikia yule paka.

Alinitazama kwa huruma. Akasema hakuna sauti.

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Ati yule paka hakuwa na waya. Hakikuwa kitu kinachonasa sauti. Kiliwekwa tu ili watu waone kwamba wanasikilizwa, maana mtu akiona anasikilizwa uso wake hubadilika, na yeye alikuwa anataka nyuso. Sauti alikuwa ameshaamua tangu kwao Uswidi kwamba zitatoka kwingine. Ndilo jina la filamu kwa lugha yake, Sauti za Mkopo. Akasema watu waliofukuzwa makwao hawasikilizwi kamwe, kila siku kuna mtu wa kuwasemea, mwanasiasa, mwandishi wa habari, mtu wa misaada. Kwa hiyo yeye ameamua kulionyesha jambo hilo waziwazi, kwa kuwanyang'anya sauti mbele ya watu, ili mtazamaji acheke kwanza kisha aone aibu ya kucheka.

Kama nisingekuwa nimeelewa, ningeweza kumsamehe. Lakini nilielewa kila neno. Vitabu nilivyookota katika mafungu ya karatasi chakavu kule kiwandani, kabla havijasagwa, vilinifundisha fikira za namna hiyo, na hii imejengwa vizuri, haina ufa. Ni kama mtu anayekuibia mbuzi ili akuonyeshe jinsi wizi ulivyo mbaya, kisha anakualika uje uonje supu, na wewe unaona kwamba imepikwa vizuri. Niliiweka sambusa yangu juu ya meza. Nikamwuliza kama kuna hata mmoja katika ukumbi ule aliyeona aibu baada ya kucheka. Akasema huenda wataona wakifika nyumbani. Mathenge alikuwa nyuma yake, sambusa mkono huu na huu, anawatangazia kina mama kwamba ndege yake inaondoka.

Nyaruai alinirudisha nyumbani. Njiani alijaribu kunituliza, ati Baba, hiyo ni sanaa, haina maana mbaya. Nikamwuliza amemsikia mama yake. Akalia.

Kesho yake Festus alikuja. Hakuingia, alisimama uani na kofia mkononi. Alisema, “Mzee, hata mimi nimelala vibaya. Niliwekewa picha kwa kompyuta, nikaambiwa hawa ni wasee wanaigiza, we changamsha tu vile unachangamshanga. Sikujua ni mathe wa mtu. Si ningeuliza?” Nikamwambia mtu anayefanya wafalme waombe chumvi hawezi kulaumiwa kwa kazi yake. Tukanywa chai. Alipoondoka aliniambia jambo moja ambalo sikulitilia maanani siku hiyo. Alisema katika watu wote wanne wa filamu hiyo, Mary Ann ndiye aliyemsumbua. Wale wengine aliweza kuwavisha maneno yakakaa, lakini mdomo wa mama ulikuwa kila mara unamalizia mahali asipotarajia. “Nilitokwa na jasho, mzee. Ilikuwa kama kufunga vifungo vya shati la mtu mwingine.”

Siku chache zilipopita Phelista akapiga simu. Alisema Ingela ameguswa sana na hasira yangu. Kabla ya maonyesho ya Bungoma anataka kubadilisha sehemu ya Mary Ann: niende mimi, mume wake, nitie maneno. Nilimwambia Phelista kwamba anitafute nikiwa nimekufa, pengine hapo nitakubali, na nikakata simu.

Sasa nimefika mahali pagumu, Mama Kipkorir. Judy, punguza mwendo.

Nilikwenda. Nilimwambia Nyaruai naenda Bungoma kuulizia mambo ya pensheni ya kiwanda, nikavaa koti lile lile, nikaenda. Kuna studio huko nyuma ya duka la vipuri ambako waimbaji wa kwaya hurekodi, kuta zimebandikwa trei za mayai ili mwangwi usirudi. Phelista, ambaye nilikuwa nimempigia tena, alinipokea. Mtambo uliendeshwa na kijana mmoja aitwaye Kiplangat, mtaratibu sana. Walinivisha vile vitu vya masikioni, wakanionyesha Mary Ann kwenye kioo cha kompyuta, mdogo kama picha ya kitambulisho.

Na nikuambie nilichokuwa nimebeba. Sikwenda kumrudishia maneno yake. Ningeyarudishaje, siyajui? Nilikwenda na yangu. Usiku kucha nilikuwa nimeyapanga. Nilitaka aseme kwamba shamba lile halina maana tena kwake. Nilitaka aseme kwamba mume wake alifanya vizuri kutokanyaga pale, na kwamba hajawahi kumhesabia kiapo kile kuwa woga. Jambo hilo tulikuwa tukilizunguka mimi na yeye kwa miaka, kama kisima kisicho na kifuniko, na yeye akaondoka bila kunijibu. Nikaona hapa kuna kinywa chake, kimefunguka, ni kitupu, na maikrofoni iko mbele yangu. Nikakohoa. Nikaibana sauti yangu iwe nyembamba, nikasema sentensi ya kwanza, “Mimi shamba hili sililii tena.” Hata lafudhi yake niliiga.

Kiplangat akairudisha ili niisikie. Nikamwona mke wangu akiisema.

Niliyavua yale ya masikioni kama mtu aliyeng'atwa. Festus hakujua alichokuwa akifanya. Ingela aliamini anafanya jema. Mimi peke yangu ndiye niliyeingia kinywani mwake nikijua kilikuwa cha nani. Kinyaa nilichokuwa nikimtemea yule Mswidi kilinirudia chote, na huwezi kukitema kitu kilichoanzia kwako. Nilitoka nje nikasimama kati ya matairi, Phelista akaniletea maji.

Niliporudi ndani nilimwomba Kiplangat aifute sentensi ile, nikamwona akiifuta. Kisha nikaomba aniwekee picha peke yake, bila sauti yoyote, polepole, kama anaweza. Aliweza. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama bila mtu kunisemesha, na macho yangu ya kiwandani yakaamka. Nikaanza kumsoma.

Nikajaribu Kiswahili, midomo ikakataa. Nikajaribu Kikuyu, maana Phelista alisema siku ile yeye hakutafsiri chochote: mama alianza tu kuzungumza akikutazama wewe, na kwa kuwa ni Mkikuyu, wakajua anasema Kikuyu, wakamwacha. Kikuyu nacho kikakataa, si mahali pamoja wala pawili. Nilidhani uzee umeniharibu macho. Ndipo Kiplangat akairudisha picha mwanzo kabisa, kabla Mary Ann hajakaa vizuri juu ya lile jiwe, anapogeuka upande wako na kukuita. Nikaona midomo ikifunguka, ikafunga mara moja katikati, ikafunguka tena, na kidevu kikainuka. Umbo lile nimeliona kila asubuhi kwa miaka yangu yote ya Endebess. Ni salamu yenu. Ni ile mliyokuwa mkirushiana ng'ambo ya ua kabla jua halijatoka, wewe na ndoo yako, yeye na yake.

Alikuwa anasema Kisabaoti, Mama Kipkorir. Yote. Tangu salamu mpaka mwisho.

Mimi lugha yenu sikuijifunza. Nilipokuwa jirani yenu sikuona haja, na baada ya moto sikutaka hata kuisikia redioni. Nyumbani kwetu haikusikika tena, na nilidhani yeye ameisahau, kama mtu anavyosahau kijia asichokipita. Kumbe aliitunza mahali, nzima, akarudi nayo kwenye jiwe lile akakueleza wewe, uliyemtoa zizini, na yule paka hakuwa na kazi yoyote pale. Wewe ndiye uliyekuwa ukisikiliza. Sasa naelewa ulichotaka kuniambia makaburini, na naelewa vizuri zaidi nilichokujibu.

Neno moja tu nililisoma, na nimelisoma mara nyingi mpaka Kiplangat akaona aibu kwa niaba yangu. Midomo inagongana mara mbili, upesi, kisha inachongoka mbele na kufunguka: Baba Nyaruai. Alinitaja. Baada ya kunitaja anasema maneno marefu, anapangusa lile jicho ambalo Festus alilijazia moshi, halafu anacheka na kukugeukia, na mkono wako unaingia kwenye picha, umeshika kikombe, unampa. Nawe pia ulikuwa unacheka, au unalia, sijui, picha haikufiki.

Nimemwambia Phelista kwamba Bungoma wamwonyeshe Mary Ann kimya au wasimwonyeshe. Alimpigia Ingela, kisha akaniletea jibu kwamba Ingela amefurahi mno, ati kimya kile kitakuwa na nguvu kuliko sauti. Hata hicho amekipenda. Sina la kufanya na mtu wa namna hiyo, na nimeacha kumfikiria, ila asubuhi nikiwa napiga mswaki.

Nilikuwa nimewaza kukuomba ushuke Bungoma useme mbele ya maikrofoni. Nimeliondoa wazo hilo. Vinywa vilivyoingiliwa vimetosha. Ninaloomba ni dogo kuliko hilo, na kwangu ni kubwa: nakuja kwako. Jumamosi nitafika Kimilili, Kipkorir anipokee hapo kwa pikipiki, aendeshe kama anayebeba mayai, anipandishe Kapsokwony, upande wenu wa mlima. Kiapo nilikiapa mwenyewe, na mwenyewe nakivunja. Unipe kiti. Usiniambie kwa Kiswahili kwanza, wala Judy asinitafsirie. Niambie kama alivyokuambia, kwa lugha ile ile, tangu mwanzo mpaka kikombe cha chai, nami nitakaa nikutazame. Mahali alipocheka, ucheke. Nataka kuisikia ilivyolia kabla sijajua ilisema nini. Halafu tutakula, halafu utanipa Kiswahili chake, na lile alilolisema baada ya kunitaja usilichuje. Kama aliniita mwoga, niite mwoga.

Nyaruai anakusalimu sana. Anasema ukimrudishia lile debe la asali kupitia kwa Kipkorir, na yeye atakutumia mbegu za kunde alizokuahidi. Msalimie Kipkorir, na wajukuu, na ng'ombe yule mwenye pembe moja kama bado anatawala. Na wewe Judy, nakushukuru kwa kunikopesha kinywa chako leo. Umekitumia vizuri, naamini hukuongeza kitu. Sasa ikunje karatasi, umpe mama maji.

Nimekuwa nikijizoeza ile salamu ya ng'ambo ya ua, mbele ya kioo, meno yakiwa mahali pake. Nikifika langoni nitaisema kwa nguvu. Nikiikosea, mnicheke.

Ni mimi, jirani yako,
Kang'ethe, Baba Nyaruai.